Usiuze fuawe ya mzee kwa kilo

MSOMAJI, hebu jaribu kukumbuka. Je, nyuma ya ghala la kwenu, au chini ya mti ambapo babu alikuwa akifanyia kazi zake, hakuna chuma kizito chenye pembe moja kama ya kifaru, ambacho kuku hulala juu yake na watoto hukikalia wakiambua maharagwe? Kama kipo, usiwe na haraka ya kumwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Soma kwanza yaliyotukia katika boma moja huko Ruiri.

Ruiri, kwa msomaji asiyeifahamu, iko kaskazini mashariki mwa mji wa Meru, kwenye barabara ya kuteremka kuelekea Isiolo. Ukiuacha mji na migomba yake, ardhi huanza kukauka kidogo kidogo mpaka unaziona nyanda za Isiolo zikijitandaza mbele yako. Ni nchi ya mahindi, maharagwe na mifugo, na yenye mawe ya kutosha kumaliza jembe kabla ya wakati wake. Mahali kama hapo mhunzi hakosi kazi.

Mama ninayemzungumzia ni mjane. Marehemu mumewe alikuwa mhunzi, na alipofariki aliacha mvukuto uliotoboka, makoleo mawili, nyundo tatu na fuawe moja iliyokaa juu ya kigogo cha mkaratusi. Kwa miaka sita hakuna aliyeigusa. Kisha mjukuu akaitwa kujiunga na kidato cha kwanza, na karo ikawa haitoshi. Mnunuzi wa vyuma akapita na mizani yake ya kuning'iniza, akapima, akasema ni kilo 74, akataja bei ya kilo moja na kuahidi kurudi Jumamosi na mkokoteni.

Habari zikamfikia kijana mmoja wa ukoo huo, mtoto wa shemeji yake, ambaye huchomelea madirisha na milango sokoni. Alikuja mbio. Alitaka kujifunza uhunzi wa moto na nyundo, na fuawe alikuwa hana. Tatizo ni kwamba alidhani ataichukua bure.

"Mama, hii ni mali ya ukoo," akasema.

"Ni kweli, mwanangu," akajibu mama bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe yake. "Lakini huko shuleni hawapokei ukoo. Wanapokea pesa."

Ikawa lazima ipatikane bei ambayo haitamdhulumu mama wala kumvunja kijana mgongo. Wakamwita mzee mmoja mhunzi kutoka upande wa Kianjai aje aitazame. Mimi nilibahatika kuwapo siku hiyo, na nilijifunza mengi kuliko niliyotarajia.

CHUMA HIKI NI KITU GANI?

Fuawe ni kile chuma ambacho mhunzi hukiwekea chuma chekundu kutoka motoni na kukigonga juu yake. Mafundi wengi wa jua kali hawatumii neno hilo; wao husema tu chuma cha kugongea. Wazee wa Meru wenye umri mkubwa wanalijua jina lake la Kiingereza kwa uchungu, kwa maana Aprili 24, 1954, serikali ya mkoloni ilianza jijini Nairobi ule msako uliopewa jina la "Anvil", na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa kwa maelfu na kupelekwa vizuizini. Anvil ndiyo fuawe. Aliyelichagua jina hilo alijua alichokuwa akisema.

Wahunzi wa kale wa sehemu hizi walifua juu ya jiwe gumu, na walifua vizuri. Walikuwa watu wa kuheshimiwa na kuogopwa pia, kwani laana ya mhunzi ilikuwa haichezewi. Ndiyo sababu yule mzee, kabla ya kuigusa fuawe, alimuuliza mama kama marehemu aliacha neno lolote juu ya vyombo vyake. Mama akasema aliacha moja tu: visitupwe kwa mtu asiyevijua. Mzee akatikisa kichwa, akavua koti.

Fuawe za chuma zenye pembe zililetwa na reli, na wamisheni, na walowezi wa Timau na Nanyuki waliokuwa na farasi wa kupiga viatu na majembe ya kukokotwa na maksai ya kunoa. Baada ya uhuru mwaka 1963, wengi wao walipouza mashamba na kuondoka, vyombo vizito havikuwa na haja ya kusafirishwa hadi Uingereza. Vilibaki. Hii ya Ruiri marehemu aliinunua kwa tajiri wake wa Timau, na mama anakumbuka ilifika nyumbani kwa gari la ng'ombe.

NAMBA TATU UBAVUNI

Mzee alianza kwa burashi ya waya. Alisugua ubavu wa fuawe mpaka kutu ikatoka na herufi zikaanza kuonekana. Mwanzo wa maandishi ulikuwa umelika, lakini tulisoma "RIGHT" na chini yake "PATENT". Kijana akasema labda inaonyesha upande wa kulia. Mzee akacheka. Hilo ni jina la Peter Wright wa Dudley, Uingereza, mmoja wa watengenezaji waliojulikana sana kwa kazi hii. Ukikuta jina hilo, au la Mousehole wa Sheffield, au la Kohlswa wa Uswidi, ujue una kitu cha kufaa, ingawa jina peke yake halitoshi. Fuawe njema inaweza kuharibiwa na mtumiaji mbaya, na ziko nyingi nzuri ambazo jina lake limefutika.

Chini ya maandishi kulikuwa na namba tatu zilizoachana: 1, 2, 14. Mama alikuwa ameziona miaka yote akidhani ni tarehe. Kumbe ni uzito, kwa hesabu ya kale ya Waingereza. Namba ya kwanza huhesabiwa kwa ratili 112, ya pili kwa ratili 28, na ya tatu ni ratili zenyewe. Basi hapo ni 112, jumlisha 56, jumlisha 14, zote ratili 182. Ratili moja ni karibu gramu 454, kwa hiyo fuawe ile ilitoka kiwandani ikiwa na kilo 82 na nusu.

Tukanyamaza kidogo. Mizani ya mnunuzi ilikuwa imesema 74.

Fuawe huliwa na kazi, ni kweli, lakini kilo nane haziliki hivi hivi bila kuacha shimo la kuonekana. Ni mizani iliyokuwa na njaa. Tukichukulia kwa mfano kwamba kilo moja inauzwa shilingi 40, mama angepunjwa kama shilingi 340 kabla hata hajaanza kupunjwa katika jambo lenyewe, yaani kuuza chombo kwa bei ya takataka. Kumbuka pia kwamba namba za aina hii ni za fuawe za Kiingereza. Nyingine zimeandikwa kwa kilo au kwa ratili tupu, na zile zisizo na namba hazina budi kupimwa, ikiwezekana kwa mizani ya mtu asiyenunua.

RULA YA SHULE NA KIGOLOLI

Sasa, uzima wa fuawe uko usoni, yaani ule upande bapa wa juu. Fuawe nyingi za zamani zina mwili wa chuma laini na uso wa bamba la chuma cha pua, vikiwa vimeunganishwa kwa moto na nyundo. Za Uswidi na baadhi ya nchi nyingine ni za chuma cha pua kitupu, kipande kimoja. Aina ya kuogopa ni ile ya chuma cha kumiminwa kwenye kalibu bila bamba la juu, chuma kama cha ile miguu ya cherehani ya zamani, ambayo ukiiangusha sakafuni huvunjika kama chungu. Fuawe kama hiyo huuzwa ikiwa imepakwa rangi ya kupendeza. Ukiifanyia kazi miezi michache uso wake hubonyea na kingo humeguka.

Utazitofautishaje? Mzee alitoa kijikopo cha tumbako kutoka mfukoni, na ndani yake kulikuwa na kigololi cha chuma kilichotolewa kwenye beringi ya lori. Akaomba rula. Mjukuu, yule yule wa karo, akaleta yake ya shule ya sentimita 30. Mzee akaisimamisha juu ya uso wa fuawe, akakiachilia kigololi kutoka alama ya 30, akainama kutazama kinarudi hadi wapi.

Kilirudi hadi 23.

Hii ndiyo siri, msomaji, na haigharimu chochote. Uso mgumu hukirudisha kigololi juu, nao utairudisha nyundo yako vivyo hivyo, ukikupunguzia kazi ya mkono siku nzima. Uso laini hukimeza. Kikirudi sentimita 20 au zaidi, fuawe ni nzuri. Kikifika 24 na kuendelea, shika pesa zako tayari. Kisipofika 15, huo ni uzito tu. Fuawe iliyowahi kuungua katika moto wa nyumba inaweza kuwa nzuri ajabu kwa macho lakini kigololi kikafa juu yake, kwa sababu moto ule umeulegeza ugumu wake wote.

Usijaribu mahali pamoja. Mzee alikidondosha kile kigololi mara nyingi, akisogea kidole kwa kidole kutoka pembeni hadi mkiani. Kwenye mkia, ambako hakuna mwili chini yake, ni kawaida kirudi kidogo, hivyo usishtuke. Lakini alipofika karibu na lile tundu dogo la duara alisimama, akachukua nyundo ndogo na kugonga polepole. Katikati fuawe ililia kama kengele ya kanisa. Pale karibu na tundu ilitoa sauti ya kukwaruza, kama bati lililolegea.

"Hapa bamba limeanza kuachana na mwili," akasema. "Si pakubwa. Upana wa vidole viwili."

Sauti nayo ina hila zake. Fuawe iliyofungwa kwa minyororo au kukazwa sana kwenye kigogo haitalia vizuri hata kama ni njema, na ziko zinazotengenezwa kwa namna ya kutolia. Kwa hiyo sauti mbaya peke yake isikufukuze. Sauti inayobadilika ghafla mahali pamoja ndiyo ya kuchunguza. Na ukigonga, gonga taratibu, kwa ruhusa ya mwenyewe, mbali na ukingo. Kipande cha chuma kigumu kinachoruka kinaweza kukutoa jicho.

Tupa nayo husaidia. Ipitishe mara moja kwenye pembe ya uso. Ikiteleza bila kuuma, chuma ni kigumu. Ikiuma kama inakata mbao, umeelewa.

KUTU NA MAKUNYANZI

Mambo yanayowatisha wanunuzi mara nyingi hayana uzito, na yasiyowatisha ndiyo mabaya. Kutu ya juu ni bure; wiki moja ya kazi itaing'arisha. Kubonyea kidogo katikati, milimita mbili au tatu ukiweka rula kwa ubavu, si kasoro ya kukataa. Wapo wahunzi wanaopapenda hapo kwa kunyoosha vyuma vilivyopinda. Kingo zilizomeguka upande mmoja zinavumilika ikiwa upande wa pili una sehemu nzuri yenye urefu wa kiganja.

Cha kuogopa ni fuawe iliyotengenezwa upya ikawa maridadi. Wengine huipitisha kwenye grainda mpaka uso uwe kama kioo, na hapo huwa wameondoa sehemu kubwa ya lile bamba gumu ambalo ndilo ulilokuwa ukilinunua. Wengine huziba kingo kwa kuchomelea kwa vijiti vya kawaida. Joto lile hulegeza ugumu wa pembeni, na chuma cha kuongeza huwa laini au hupasuka. Yule kijana, ambaye ni mchomeleaji, alikuwa tayari ameanza kueleza jinsi atakavyozijaza kingo. Mzee alimkata maneno.

"Usiiguse na umeme wako. Iache na makunyanzi yake kama mimi."

Tazama pia ufa kwenye kiuno, pembe iliyovunjika na kuunganishwa, na lile tundu la mraba la kushikia patasi kama halijapanuka au kutoboka pembeni. Tundu hilo ni la thamani kubwa kwa mtengenezaji wa majembe, kwani ndilo linaloshika vyombo vya kukatia na kukunjia.

VIPI KUHUSU RELI?

Msomaji anaweza kuuliza, kwa nini mtu ahangaike wakati kipande cha reli kinafanya kazi hiyo hiyo? Mafundi wengi wa nchi hii, wa Kamukunji jijini Nairobi hadi vijijini, wamefua mapanga na majembe juu ya reli na ekseli za lori, na hakuna wa kuwacheka. Kichwa cha nyundo kubwa kilichozamishwa kwenye kigogo pia kinatosha kwa visu. Lakini fanya hesabu. Reli za kwanza zilizotandazwa kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901 zilikuwa za ratili 50 kwa yadi, ambazo ni karibu kilo 25 kwa mita. Kipande cha nusu mita ni kilo 12 na kitu. Kinaruka, kinapiga kelele, na nguvu ya mkono wako inaishia kukitikisa badala ya kuubonyeza ule mwekundu. Ukilazimika, kisimamishe wima na ufulie kwenye ncha yake, ili uzito wote uwe chini ya nyundo.

Kisha kuna suala la polisi. Reli si ya kuokotwa. Sheria ya vyuma vikuukuu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni, na Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliipiga marufuku biashara nzima kwa sababu ya uharibifu wa nguzo za umeme na mali nyingine ya umma, marufuku iliyoondolewa Mei mwaka huo huo. Ukiuziwa kipande cha reli bila stakabadhi, huenda umenunua kesi. Hata fuawe yenyewe, usiinunue kwa mtu asiyeweza kueleza ilikotoka. Si chache zilizowahi kutembea usiku kutoka karakana za shule na za serikali.

BEI

Hatimaye tukafika penye mgogoro. Mzee aliketi kwenye ngoma ya maji iliyogeuzwa, akaiweka kofia gotini, akamuuliza mama mnunuzi alitoa bei gani kwa kilo. Alipotajiwa alisema hiyo ndiyo sakafu: uzito wa kweli mara bei ya vyuma vikuukuu ya wiki hiyo. Chini ya hapo hakuna mtu anayepaswa kushuka hata kama fuawe imepasuka katikati. Kwa mfano wetu wa shilingi 40, kilo 82 na nusu ni shilingi 3,300.

Dari ni bei ya fuawe mpya ya chuma cha pua yenye uzito huo huo, ambayo kijana aliagizwa aiulizie Meru mjini na Nairobi, akihakikisha anaulizia chuma cha pua na si ile ya kumiminwa yenye rangi. Kati ya sakafu na dari, kigololi ndicho hakimu. Kwa maoni ya mzee, uso mzima usio na ila unaweza kufikia nusu ya bei ya mpya, au hata zaidi kama mnunuzi ana haraka. Kwa hii, aliondoa kiasi kwa ajili ya bamba lililoachana na kiasi kwa ajili ya kingo za upande mmoja. Hakuondoa chochote kwa ajili ya kutu, ingawa kijana alijaribu mara mbili.

Alipomaliza alitaja bei iliyokuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya mnunuzi wa vyuma. Kijana akashika kichwa.

"Utatengeneza majembe mangapi kwa wiki ukishajua kazi?" mzee akamuuliza.

"Sijui, mzee."

"Basi nenda ukajue. Fuawe hii ilimlisha baba yako mkubwa miaka yote hiyo na bado inarudisha ishirini na tatu."

Mimi nilidhani mama angefurahia bei hiyo na kuing'ang'ania. Haikuwa hivyo. Alisema Jumatatu anahitaji nusu yake, taslimu, kwa ajili ya shule. Nusu nyingine alipwe kwa mafungu mawili, kila muhula unapofunguliwa. Na panga lake, ambalo limekwisha kwa kunolewa, litengenezwe upya kwenye fuawe hiyo kabla ya lolote jingine, bila malipo. Kijana akakubali. Wakaandikiana kwenye ukurasa wa daftari la mjukuu, mzee akiwa shahidi.

Kuiondoa kulihitaji wanaume wanne na maneno mengi. Mzee alimwonyesha kijana namna ya kusimama wima, ngumi imefungwa na mkono unaning'inia, akamwambia uso wa fuawe uguse vifundo vya ngumi hiyo, basi kigogo kipya akikate kwa kipimo hicho chake mwenyewe. Cha zamani hakikumfaa. Marehemu alikuwa mrefu.

Jumamosi mnunuzi wa vyuma alifika na mkokoteni kama alivyoahidi. Alikuta kigogo cha mkaratusi kitupu, na mama amekikalia.